Korosho Nne za Mvushaji

Mvushaji wa Ruvuma hakuwa na papara, hata siku bunduki za Wareno zilipolia karibu na Kionga. Watu humfikia wakihema. Yeye huchuchumaa, hupangusa mchanga kwa kiganja chenye sugu za upondo wa kusukumia mtumbwi, kisha hupanga korosho, moja kwa kila mtu. Mitumbwi ilikuwa miwili, wake na wa mkewe, na kila mmoja ulibeba abiria wawili. Mwanamke aitwaye Mwanawetu alikuja na mama yake mzazi na watoto wake wawili. "Wanne hugawika wawili wawili kwa njia tatu," mvushaji akamwambia, kwa sauti ya mtu apimaye mchele, akazichora zote mchangani kando ya korosho. Ile iliyowaacha watoto peke yao akaifuta. "Zimebaki mbili. Chagua mtoto wa kwenda naye." Mwanawetu akaomba wapande wote mtumbwi mmoja. "Utazama, dada." Akampa kisogo, akajitia kukagua kamba, mpaka Mwanawetu alipombeba mdogo. Siku zote mvushaji hutangulia. Siku hiyo alimwachia mkewe awavushe hao wawili. Yeye akaingia mtumbwi wa nyuma, pamoja na bibi wa watoto na yule mkubwa, akamtia mtoto korosho zote nne kiganjani. "Zishike. Tukifika ng'ambo, ni fungu moja."