Kadi Mpya ya Ruta ya Mweso

Verdiane alikuwa akifundisha ushonaji Mweso, wala hakuwahi kuomba ufunguo wa chumba cha mtandao cha shirika lao la akina mama. Ni vita vilivyompa. Guylain, fundi wao, alikimbilia Kirotshe na familia yake, akamwachia karatasi yenye mstari mmoja wa kuchapa.

Ruta yao, mashine iliyogawa intaneti, ilikuwa kompyuta kuukuu ya Linux. Kila jenereta ilipozimwa ikawashwa tena, ruta ilikuwa imesahau anwani yake, na Verdiane akachapa ule mstari upya, herufi kwa herufi. Hakuelewa. Jana imekubali, leo haijui lolote. Alidhani anakosea mahali.

Siku moja Mama Mbambu, mwenye duka la vitambaa, alikuwa akingoja chumbani humo ujumbe wa mumewe aliyekwama Walikale. Jenereta ikazimika mara tatu.

"Mama Verdiane, hii masini iko inakukataa?"

"Hata mimi sijue."

Akampigia Guylain.

"Mama, kile unaandikaka pale kinakaaka mu memware tu, mu kichwa ya masini," Guylain alimweleza. "Kuran ya jenereta ikikatika, kinapotea. Inafaa ikuwe mu fishie ya rezo."

Akamwelekeza namna ya kuifungua hiyo faili ya mtandao. Verdiane akasoma, akachanganyikiwa zaidi.

"Guylain, adresi iko humu. Njo ile ile ya karatasi."

"Iko humu? Basi sijue." Kisha simu ikakatika.

Verdiane akaishika karatasi kando ya skrini, akalinganisha polepole. Tarakimu za anwani zilifanana zote. Lakini karatasi ilisema eth1, faili ikasema eth0. Hapo akakumbuka radi iliyounguza kadi ya mtandao, kile kipande kinachopokea waya, na Guylain akaweka nyingine wiki moja kabla ya kukimbia. Kumbe mashine iliipa kadi mpya jina jipya, eth1, na faili ikabaki ikiipa anwani kadi iliyokwisha kutupwa.

Akabadilisha sifuri kuwa moja, mahali pawili, akahifadhi, akazima, akawasha. Ruta ikaamka na anwani yake. Mama Mbambu akasoma ujumbe kwamba mumewe ni mzima, anangoja barabara ifunguke. Akakaa chini, akausoma tena.

Kesho yake Verdiane, kwa mazoea, akachapa ule mstari. Mashine ikajibu kwamba kitu hicho kipo tayari. Akaogopa kwamba ameiharibu, akamwandikia Guylain: arudishe ile sifuri?

"Mama, usiguse kitu, adresi iko tayari mu masini," likaja jibu.

Hakugusa. Ila siku nzima, akiwakatia wanafunzi vitambaa, alijiuliza ni nani aliyeiruhusu mashine kubadilisha jina la kadi bila kumwambia mtu.