Kesi ya Udi Niliyoishinda

Mimi nayajua majina ya watu. Nitajie mtu yeyote wa Mji wa Kale, nami nitakwambia babake, nyanyake, mlango wa nyumba yao ulitazama wapi na nani alimnyonyesha mamake alipougua. Shule niliishia darasa la tatu. Nafasi ya yote niliyokosa kusoma imejaa majina. Hapa sitaji hata moja. Majina ndiyo yaliyonitia aibuni, na aibu hiyo ndiyo nitakayoisimulia.

Kazi yangu ni kupika udi. Alinifunza mamangu: sukari ichemke hadi itoe uzi, utie unga wa sandali na vijiti vya udi, ukoroge hadi mkono ukatae, kisha marashi, kisha mafuta ya mawaridi na miski, kidogo kidogo, pua ikiamua. Kipimo hakikuandikwa popote. "Pua ndiyo kibaba," akisema mamangu. Nimejisifu kwa pua hiyo miaka hamsini na kitu. Watu wakinisifu nikijibu, "Ni Mungu," na moyoni nikijua ni mimi.

Mkaza mwanangu, mke wa mwanangu, ndiye aliyeuingiza udi wangu kwenye simu. Aliupiga picha juu ya kitambaa cheupe, akaandika jina langu kwenye kibandiko cha kopo, na wateja wakaanza kuja kutoka nchi za mbali, hasa wanawake wetu walioolewa huko, wanaolilia harufu ya kwao. Walilipa kwa kadi, pesa zikipitia kwa kampuni ya malipo kabla ya kutufikia. Nikavimba kichwa. Nikipita uchochoroni nasema, "Leo mzigo waenda Ulaya," hata kama sikuulizwa.

Kisha mkaza mwanangu akajifungua, akenda kwa mamake Makupa kukaa arobaini yake. Kabla ya kuondoka aliniomba nisipike hadi arudi.

"Pumzika, Mama. Oda zingoje."

Nikacheka. Nani alipika kabla yake? Nikawasha jiko peke yangu. Nikakoroga huku nikilalamika, kama kawaida yangu tangu yale mafua makali ya mwaka juzi, kwamba asumini za siku hizi hazinuki, ndimu hazinuki, hata samaki hawanuki. Mtu mwenye akili angekaa chini akalifikiria hilo la samaki. Mimi nikajaza makopo kumi na mawili, oda ya mama mmoja aliyekuwa akimuoza bintiye huko ng'ambo, nikayapeleka mwenyewe Shimanzi kwa wasafirishaji, nikipishana na malori kama mfanyabiashara mkubwa.

Mkaza mwanangu aliporudi na mtoto, hata buibui hajavua, akanionyesha simu.

"Mama, yule mama wa bi harusi amelalamika kwa benki yake. Asema udi haunuki kabisa. Benki imezivuta pesa zote hadi kesi iamuliwe."

"Kesi gani? Udi kaufukiza, sasa ataka na pesa zake!"

"Tumepewa siku chache tujibu. Duka letu bado jipya. Tukionekana twauza vitu bandia, kampuni ya malipo yaweza kutufungia."

Udi wangu, bandia! Sikuwa na wasiwasi wa pesa. Nilikuwa na jina moja la kufia, nalo lilikuwa kwenye lile kopo.

"Hebu tumrudishie tu, Mama," akasema, akitazama sakafu. "Yaishe."

"Hebu nambie yeye ni nani."

Akanisomea jina. Aa! Kumbe! Nikamjua mara moja, na mamake, na nyanyake hasa. Nyanyake alikuwa haikosi harusi, kavaa buibui pana kuliko haja, na kila akiondoka udi wa watu waondoka naye ndani ya buibui hilo. Mji mzima ulijua.

"Andika," nikamwambia. "Andika kwamba huyu ni mjukuu wa fulani binti fulani, aliyekuwa akiiba udi wa mamangu. Wizi uko damuni."

"Mama, wanataka risiti ya mzigo na picha. Hawataki ukoo."

"Basi andika na hiyo risiti."

Akaandika yote, kwa Kiingereza, neno kwa neno. Hajapata kunikatalia jambo, na hilo ndilo kosa lake.

Mimi nami nikatafuta mashahidi. Mbali na yale kumi na mawili, kopo moja la mpiko ule lilikuwa limesalia nyumbani. Nikalichukua pamoja na chetezo changu, nikapita nyumba saba, nikafukiza kila nyumba na kuuliza, "Wanuka, haunuki?" Wote walisema mashallah. Jirani wa mlango wa pili hata alifumba macho. Sauti zao zote, nilizozirekodi kwa simu, zikatiwa kwenye kesi.

Tukashinda. Pesa zikarudi. Nikapika kaimati sinia nzima nikagawa, na kwa kila sahani nikisimulia kesi upya, mimi nikizidi kuwa hodari.

Ijumaa moja baada ya alasiri, nimekaa na majirani wawili, mkaza mwanangu yuwanyonyesha pembeni, nikasikia hodi. Alikuwa mama mdogo wa yule mteja, ndugu ya mamake, rika langu, tuliyekaa jamvi moja chuoni tukisoma Kurani. Alinisalimu kwa utaratibu, akauliza hali yangu, ya wanangu, ya wajukuu, ya mguu wangu, hata nikaanza kuogopa. Kisha akatoa mkobani kopo langu.

"Benki ilimpelekea mwanangu ushahidi wako wote. Kausoma, nami nimesomewa. Ati mamangu mwizi?"

"Mimi nilieleza tu linalojulikana."

"Vyema. Lete chetezo."

Nikaleta, makaa yakiwa tayari mekundu. Akachomoa kitu cheusi kwenye karatasi, akakitia motoni. Moshi ukapanda. Nikauinamia, nikauvuta kwa leso yangu, nikaupeleka usoni kama bi harusi.

"Mashallah! Hayo mawaridi hayo. Na miski yaja nyuma. Mtu asema huu haunuki!"

Majirani walikuwa wameziba pua kwa leso zao. Mmoja alikohoa hadi machozi yakamtoka. Nikadhani ameguswa.

"Wanukaje, mwenzangu?" akauliza mgeni.

"Kama peponi."

"Hicho ni kisigino cha makubadhi ya marehemu mume wangu."

Mkaza mwanangu akainuka na mtoto wake akafungua dirisha.

Mgeni akakitoa kile kisigino kwa koleo, akatia kipande cha udi kutoka kwenye kopo. "Sasa nyinyi semeni kweli. Msimuogope."

Jirani wa mlango wa pili akajikaza. "Ni sukari iliyoungua, bibi. Basi."

"Na mbona ulifumba macho siku ile?" nikamuuliza.

"Nilikuwa namuomba Mungu usiniulize tena."

Mgeni akafunga mkoba wake. "Mamangu aliuiba udi wa mamako, naam. Kila harusi. Kwa nini auibe? Kwa sababu ulikuwa wanuka. Wa kwako kapelekewa mwanangu, kakaribisha wageni mia kwa moshi mtupu."

Alipokwenda, mkaza mwanangu alilia kwanza, kisha akasema. Tangu mafua yale aligundua kwamba pua yangu haishiki tena harufu. Ile chupa yangu ya mafuta ya mawaridi ilikuwa imekufa harufu zamani, nami nikiendelea kuimimina. Kila nilipokwenda kuswali, yeye akifunua sufuria akitia mafuta mazuri aliyoyaficha kabatini mwake. Udi uliosifiwa miaka miwili ulikuwa wake.

"Mbona hukunambia?"

"Ningeanzaje, Mama?"

Mimi mwenyewe sikuwahi kumwambia mama mkwe wangu kwamba biriani yake ilikuwa chumvi tupu. Alikufa hajui.

Kurudisha pesa kukawa kazi. Kesi imefungwa, na mshindi hana mahali pa kubonyeza kusema ameshinda kwa makosa. Nikazitia kwenye bahasha, nikampelekea yule mwenzangu wa chuoni mkononi, ampelekee mwanawe. Kisha nikarekodi sauti. Nikamuomba yule mteja radhi kwa harusi ya bintiye, na kwa nyanyake, Mungu amrehemu. Sikutaja ukoo wa mtu hata mmoja, na ilinibidi nirekodi mara nne. Jibu halijaja. Nasikia ameisikiliza.

Jina langu nimelitoa kwenye kopo. Mkaza mwanangu alikataa nisilitoe, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, nikafurahi kuona kumbe aweza. Lakini mwishowe jina lake ndilo lililokaa hapo sasa.

Kupika bado napika mimi, maana mkono wangu haujafa. Nikifika kwenye mafuta naacha mwiko, namwita. Yuwaja na mtoto begani, yuwainamia sufuria, yuwanusa.

"Bado, Mama."

Nami natia tone jingine, namtazama usoni, nangoja aniambie.