Kisigino cha Makali

Saa mbili asubuhi. Mguu wa kulia unakanyaga pedeli, jiwe linazunguka, cheche zinaruka. Mnoa visu ambaye mtaa mzima unamwita Makali anajaribu kwa ukucha kisu cha muuza nyama, kisha anatabasamu.

"Huu mguu ndio ofisi yangu," anasema. "Miezi mitatu iliyopita nusura ofisi ifungwe."

Ana miaka sitini na miwili. Yalianza kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Daktari alipotaka kumwandikia antibayotiki iitwayo siprofloksasini, alimuuliza kama anatumia dawa nyingine. Makali akasema hapana, ilhali kila asubuhi humeza kidonge cha steroidi kwa ajili ya pumu.

"Nilidhani kifua na mkojo havijuani," anasema huku akijikuna kichwa.

Siku ya nne mkojo ulikuwa umetulia, lakini kisigino kikavimba kwa nyuma na kuuma. Akalaumu pedeli. Visu arobaini vilikuwa vinamsubiri, akajikaza kisabuni. Jioni alipanda ngazi za nyumbani kwa kushika ukuta.

Mkewe, ambaye ni mshonaji, hata pole hakumpa. Alikunjua karatasi iliyokuwa ndani ya boksi la dawa, akavaa miwani.

"Baba watoto, hii uliisoma?"

"Niisome ya nini? Mimi nameza, sifanyi mtihani."

Akamsomea kwa sauti: kano, yaani ukamba unaoshika msuli kwenye mfupa kama ule wa kisigino, likiuma au kuvimba, acha dawa, muone daktari haraka, walio katika hatari zaidi ni waliopita miaka sitini na wanaotumia steroidi. Wakampigia mfamasia.

"Usimeze kingine, na huo mguu usiukanyagie kitu," mfamasia alisema. "Kano likikatika ni habari nyingine. Nendeni kwa daktari sasa hivi. Ya pumu usiiache, ila mwambie unaitumia."

Daktari alipima. Kano lilikuwa limevimba, halijakatika. Akambadilishia antibayotiki, akamwamuru apumzike.

"Mke wangu alilia palepale kwenye benchi," Makali anakumbuka. "Mimi nikacheka kama mwehu. Moyo ulitulia, nikasikia njaa."

Kwa wiki sita cherehani ndiyo iliyolisha nyumba. Siku hizi ananoa asubuhi tu, na mfukoni ana kadi yenye orodha ya dawa zake zote, mwandiko wa mkewe.

Mwakani anataka kufunga mota kwenye jiwe lake.

"Ninoe mpaka sabini," anasema. "Baada ya hapo nikae karibu na cherehani, nimtungie mama watoto uzi kwenye sindano. Macho yangu bado mazima."