Mama Usingizi Anayesimamisha Malori

Ukungu wa asubuhi umetanda juu ya lami, na malori yanaibuka humo moja moja, taratibu, taa zikiwa bado zinawaka. Mwanamke mwenye koti la kung'aa ananyoosha mkono. Lori linapunguza mwendo, linasimama.

Analizunguka bila haraka. Anabonyeza matairi, anachungulia breki, anavuta kamba za turubai. Kisha anapanda ngazi hadi dirishani na kuuliza: "Kaka, mto uliouvuka sasa hivi, una maji?"

Dereva anafikiri, halafu anacheka kidogo. Hakumbuki mto wowote.

"Basi zima gari ukalale," anamwambia kwa upole, akimwonyesha chumba cha vitanda nyuma ya ofisi ya ukaguzi.

Ndiyo maana madereva wanamwita Mama Usingizi.

"Breki mbovu utaiona," anasema mkaguzi huyo. "Mtu anayelala macho wazi, mpaka uongee naye."

Siku iliyomwia ngumu kuliko zote ni ile aliposimamisha lori la mumewe. Binti yao alikuwa amejifungua mjukuu wao wa kwanza, na mzee alikuwa ameendesha usiku kucha ili awahi hospitali. Alipoulizwa habari za mto, alijibu, "Mke wangu, leo niache nipite."

Mkewe akamnyang'anya ufunguo.

"Akaniuliza, 'Hata mimi?' Nikamwambia, 'Wewe kuliko wote.'"

Mume aliingia chumbani amenuna, akajitupa kitandani na viatu vyake. Mke akarudi barabarani. Baadaye alipita karibu na dirisha, akamsikia anakoroma.

"Nikakaa chini pale pale," anasema. "Ndipo nikajua nilivyokuwa nimeogopa."

Mumewe hafichi kwamba alikasirika. "Lakini nilipoamka jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili, na sikujua niko wapi. Nikajiuliza, je, ningezinduka hivyo nikiwa kwenye kona?"

Jioni walikwenda hospitali pamoja. Mjukuu naye walimkuta amelala fofofo, wakakaa wakimtazama.

Mwakani mama huyu anastaafu. Anatazama kilima ambacho malori hupotelea nyuma yake. Miaka yote ya kazi hajawahi kufika huko.

"Mzee ameahidi kunipeleka, mchana kweupe, mpaka barabara inapoishia," anasema. "Nitakaa kiti cha pembeni, nifungue dirisha. Nikisinzia hakuna ubaya, usukani si wangu."