Kioo cha Pikipiki na Kifua cha Baba

Watu wa Ushirombo wamezoea kuniona, mwanamke mzima, nikiendesha pikipiki. Lakini siku nilipotoka na kioo changu kipya walicheka hadi wakashika magoti. Kilikuwa dirisha la plastiki ngumu kutoka kwenye kibanda kilichobomolewa. Nilikifunga kwenye usukani, kikasimama wima, kirefu kunipita kichwa. Mmoja akaniuliza kama nauza soda humo ndani. Nikamwambia aje kesho, leo hatujafungua.

Nilikuwa na sababu. Baba alichimba dhahabu Geita miaka mingi, na vumbi la mawe likamwachia kifua kinachokohoa kwa jambo dogo. Ndani ya basi alikosa hewa. Juu ya pikipiki upepo ulimkaba. Dada yake yuko Segese, miguu imemkatalia, na simu haitoshi kwa watu waliolalia ngozi moja ya ng'ombe utotoni. Nilitaka kitu kimoja tu: wazee hawa waonane wangali hai. Nikajiambia adui ni upepo, basi nauzibia njia yote.

Tulijaribu Jumapili, tukielekea misheni. Upepo haukunigusa kabisa, nikaanza kujisifu moyoni. Mara likatokea lori la mizigo mbele yetu. Upepo wake ulikipiga kile kioo, na kwa kuwa kilishikana na usukani, usukani nao ukageuka wenyewe kuelekea mtaroni. Niliurudisha kwa nguvu zote. Niliposimama, baba alikuwa akikohoa kuliko siku zote. Kumbe upepo niliokwepa mimi uliruka juu ya kioo, ukazunguka, ukampiga yeye usoni pamoja na vumbi.

Tulirudi nyumbani bila misa. Nilinuna, nilitaka kukitupa. Baba alikitazama muda mrefu, kisha akaniita mama kwa Kisukuma, kama afanyavyo akitaka nimsikilize.

"Mayu, kule machimboni tulikuwa tunasimamisha turubai kwenye mdomo wa shimo. Halikuwa la kuzuia upepo. Lilikuwa la kuugeuza, ushuke kwa waliokuwa chini. Ukilisimamisha kama ukuta, linachanika. Hiki nacho kilaze."

Nilitaka kubisha, maana ubishi nimeurithi kwake. Badala yake nikachukua msumeno. Nilikipunguza hadi chini ya macho yangu, nikakitoa kwenye usukani, na fundi akakifunga kwenye fremu, ili lori likikipiga, usukani ubaki wangu. Chini tuliacha uwazi hewa kidogo ipite, ijaze nafasi nyuma ya kioo, ile ya juu isirudi kutuzunguka. Baba alishikilia kilazwe zaidi. Tukakilaza, upepo ukamrudia kifuani, tukakiinua tena huku yeye akilaumu fundi. Kila jaribio alikaa nyuma yangu kama mkaguzi, akisema "bado". Kuna siku akanyamaza muda mrefu hadi nikaogopa. Nilipogeuka akafoka, "Unaangalia nini? Endesha!"

Wiki iliyopita tukaenda Segese. Upepo bado ulivuma juu ya kofia yangu ngumu, siwezi kudanganya, na malori yalipopita pikipiki ilitikisika kidogo. Lakini ilikwenda ilikoelekezwa, na nyuma yangu baba alikuwa akisimulia habari za mashamba ya watu.

Shangazi alikuwa ameketi uani juu ya mkeka. Salamu zetu za Kisukuma ni ndefu: nyumba, watoto, ng'ombe, mvua. Mara nyingi baba hukatizwa na kikohozi katikati, na anayesalimiwa hujifanya hajaona. Shangazi alianza, baba akajibu. Wakafika kwenye ng'ombe. Wakafika kwenye mvua. Wakamaliza. Mimi nimesimama na kofia mkononi, nalia waziwazi mbele ya majirani. Baba akavuta pumzi, akaanza kumsalimia upya.