Swali la Alizeti

Mwaka ada iliporudishwa shuleni nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Harufu ya mashudu ya alizeti hapa mashineni kwangu hunirudisha kwenye siku niliyotolewa shule. Nilikuwa nimemuuliza mwalimu kwa nini alizeti ikikomaa haigeuki tena kufuata jua. Kabla hajanijibu, mama akaingia darasani.

"Mwalimu, huyu akimaliza atapata nini?"

"Atapata kazi, mama."

"Kazi ipo nyumbani." Akanishika mkono, tukaenda kuvuna.

Mwanangu nimemsomesha mwenyewe mpaka digrii. Juzi nikamuuliza swali lile lile la alizeti. Akacheka: "Mama, hilo halikutoka kwenye mtihani." Sasa sielewi kati yetu nani alisoma.

Nina mashine mbili za kukamua mafuta, nyumba ya bati na ng'ombe tisa. Jibu sina.