Spika ya Mwenye Hoteli

Mwezi uliopita nilikuwa njiani kurudi Shinyanga mjini, gari letu likapata pancha pale Samuye, nikaingia hoteli moja ya kando ya barabara nile chakula cha mchana. Nimesema kula. Sikwenda kucheza. Lakini mlangoni walikuwa wamesimamisha spika mbili zinazonizidi kimo, na muziki uliotoka humo ulitikisa maji kwenye glasi. Msichana wa kuhudumia ilibidi aweke sikio lake mdomoni mwangu ndipo akajua nataka ugali na mlenda. Nikamfuata kijana wa kaunta, nikamwomba apunguze. Akacheka, kwa adabu lakini. "Wateja wanapenda, mama." Nikageuka kuwatazama hao wateja. Dereva mmoja amelalia meza. Wanawake wawili magoti yanagusana lakini wanaonyeshana maandishi kwenye simu ili wasemezane. Na mzee mmoja amesinzia kwenye kiti cha plastiki kando ya kaunta, kofia imemfunika uso. Sikuona aliyependa kitu.

Ndugu yangu, wewe unanijua, mimi si mtu wa kusahau. Hasira iliyonipanda pale haikuwa ya siku ile. Ilikuwa ya zamani, na ilikuwa na mwenyewe.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kwenye kijiji cha ndani huko, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka barabarani. Ilikuwa miaka ya sabini, watu tumeshatolewa kwenye mashamba yetu ya mbalimbali na kupangwa kwenye mistari ya nyumba. Serikali ilituambia tunasogezwa karibu ili tusaidiane. Bibi hakupinga, ila alikuwa na neno lake alilolirudia mpaka sisi watoto tukawa tunalimalizia: jirani si mwenye nyumba ya karibu, jirani ni anayekusikia.

Na tulisikiana kweli. Alfajiri unaamshwa na michi ya wanawake wakitwanga mtama, na Bibi kabla hajatoka kitandani ameshajua habari za kijiji kizima. "Huyo leo anatwanga kwa hasira, mumewe hajarudi." "Yule kinu chake kimenyamaza, mtoto bado anaumwa." Mchana ni kengele za ng'ombe, kila mji wa mtu na kengele yake, na jioni ni wanawake kusalimiana toka ua hadi ua, salamu ndefu, unaulizwa mpaka hali ya mbuzi. Tulikula michembe, vile vipande vya viazi vikavu, iliyopikwa na karanga, tukateremshia maziwa ya mgando, na uani palikuwa kimya kiasi kwamba ukitafuna kwa pupa unasikika, unaambiwa pole pole, hakuna anayekufukuza.

Juu ya sauti zote hizo ilikuwepo moja ambayo hatukuruhusiwa kuichezea: mwano. Ndiyo yowe la hatari la kwetu Usukumani. Mwenye shida anatoka nje, anapiga ukelele mwembamba mrefu huku akikatakata kwa kiganja mdomoni, na yeyote anayeusikia anatupa jembe, anakimbia, na anaupokea naye ili wa mbali zaidi asikie. Ukisikia usiende, wewe si mtu tena. Mimi nikiwa na miaka saba niliupiga kwa mchezo, nimepanda juu ya kichuguu, nataka tu kuona itakuwaje. Nikaona. Walikuja wanaume na mikuki, wanawake na ndoo, na walipokuta niko mzima, mimi na kichuguu tu, nilichapwa na kila mtu mzima aliyefika, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mchapo wake. Mpaka leo namshukuru Mungu kwamba kijiji hakikuwa kikubwa.

Sasa mwenye hoteli wa siku zile. Alikuwa kijana wa kijijini petu aliyepotelea Geita kuchimba dhahabu, akarudi amepungukiwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, vilivyochukuliwa na baruti, na ameongezewa kila kitu kingine: viatu vya kung'aa, bati la kuezekea, na santuri ya kutumia betri ya gari. Akafungua hoteli ya chai na maandazi katikati ya mistari ya nyumba. Juu ya paa akafunga spika ya bati yenye mdomo uliopanuka kama ua la boga, akaielekeza kwetu. Siku ya kwanza ilipolia, mbuzi walikata kamba.

Nisikudanganye, tuliipenda. Mimi nilikuwa nikitumwa maji napita njia ya kuzunguka ili nipite hotelini, ndoo kichwani, kiuno kinajibu chenyewe. Mjomba wangu, ambaye shambani alikuwa mzito wa kuinuka, hotelini alikuwa wa kwanza kufika. Muziki ulianza chai ya asubuhi mpaka jua likizama, haupumziki hata mtu akifiwa. Wiki mbili tu, Bibi akawa hasikii tena kinu cha mtu. Akakaa uani kama mgeni, hajui nani kaamka na nani hakuamka.

Akajifunga kanga ya heshima akaenda kumwona. Nilimsindikiza, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Alimwambia, "Mwanangu, sikukatazi kucheza. Punguza. Sisi huku tunaishi kwa masikio." Mwenye hoteli akampa kiti, akampa chai yenye sukari nyingi, akamwambia, "Bibi, haya ndiyo maendeleo. Kijiji kimechangamka." Watu wakacheka, Mjomba akiwemo. Bibi akamaliza chai, akashukuru, tukaondoka. Hatujafika mti wa tatu, yule bwana akaongeza sauti. Nilimwona Bibi anasimama, mabega yameshuka, anatazama tu mbele. Halafu tukaendelea kutembea.

Kiangazi hicho, upepo ule wa adhuhuri unaoinua vumbi, Bibi alikuwa anachemsha viazi vitamu vya kukausha viwe matobolwa. Cheche ikaruka ikashika nyasi za paa la jiko. Ubavuni mwa jiko kulikuwa na kihenge chetu, na ndani ya kihenge mtama wa mwaka mzima, na juu ya mtama kibuyu cha mbegu. Bibi akatoka nje akapiga mwano. Mimi nikaupokea, na safari hii sikuwa nacheza. Tukapiga mpaka koo likawa na ladha ya damu. Kutoka uani kwetu hotelini palionekana wazi. Niliwaona wote, mjomba wangu, mwenyekiti wa kijiji, mwalimu wetu wa hesabu, wamegeuza migongo, mabega yanacheza.

Nilikimbia. Nilipofika nikamshika Mjomba mkono, sauti haitoki tena, nikamvuta. Akacheka, akanizungusha. Alidhani nimekuja kucheza. Mizunguko miwili nilizungushwa, na moshi wa kwetu uko juu ya bega lake, kabla hajanitazama usoni.

Walipofika kihenge kilikuwa kimelala chini. Bibi alikuwa amekaa mbali kidogo na moto, kibuyu cha mbegu amekipakata, na mikono yake siwezi kukueleza. Mbegu aliziokoa. Mikono haikukunjuka tena. Bibi hakutwanga tena, hakukamua, hakusuka nywele zangu. Mwaka ule tulikula udaga wa mihogo wa kupewa na tulijifunza kushukuru kwa unyenyekevu, kitu ambacho Bibi hakuwahi kukihitaji.

Wazee wakakaa. Kwa mila, asiyeitika mwano anatoa ng'ombe wa kuchinjwa, watu wanakula, yanaisha. Mwenye hoteli akasema, "Mimi sikusikia." Mzee mmoja akamjibu, "Na sisi hatukusikia. Ndicho tulichokuitia." Akakasirika, akasema hatalipa faini ya moto ambao hakuuwasha. Akawaacha wamekaa, akaenda kuweka santuri.

Basi wakamkata. Kwetu kumkata mtu hakuhitaji fimbo. Hakuna salamu ya mwangaluka asubuhi, hakuna kaa la moto, hakuna kumsaidia kulima, hakuna kupokea kitu mkononi mwake. Akija kisimani, wanawake wananyamaza mpaka ajaze na aondoke. Chai yake ikapoa. Muziki ukalia siku nzima kwa mabenchi matupu, na tuliokuwa tukitingisha viuno tukapita tunatazama mbele. Nilikuwa na miaka kumi, na sijawahi kufurahia kitu namna ile. Kila asubuhi nikienda shule nilisimama mlangoni pake, nikamtazama, nikaziba masikio kwa vidole, nikahesabu hadi ishirini, nikaenda zangu. Alikuwa akiangalia chini. Mimi nilikuwa nakula mihogo ile ya kupewa kwa raha kabisa.

Siku ya tisa muziki ukakatika. Mwenye hoteli akaja kwetu amekumbatia ile spika, akaiweka chini mbele ya Bibi. Bibi mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa, imepakwa asali. "Shikamoo, Bibi," akasema. Bibi akawa anatazama kuku. "Shikamoo, Bibi." Mimi nimekaa pembeni nachambua nsansa, majani ya kunde ya kukaushwa. Akapiga goti, mwanamume mzima, akasema mara ya tatu. Marahaba haikutoka. Akainuka, akaondoka, na baada ya siku chache tukasikia amerudi Geita kwenye mashimo yake. Spika aliiacha. Kuku wetu mwekundu akaingia humo akataga, akalalia, akaangua vifaranga tisa, na Bibi akasema angalau sasa hicho kitu kimetoa sauti ya maana.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kwa nini hakuitika. Aliniambia, "Nilimfuata yeye kwanza, akaongeza." Kisha akasema jambo ambalo sikulipenda: "Migongo ilikuwa mingi siku ile. Tulimkata mmoja kwa sababu ndiye alikuwa na santuri." Alikufa bila kumsamehe, hata hivyo. Na mimi nilirithi kanga zake mbili pamoja na kinyongo hicho, vyote nimevitunza vizuri.

Hayo yote yalinipanda pale Samuye, ugali umepoa mbele yangu. Nikawaza, leo nani angesikia. Vinu vimeisha, mtama unasagwa mashineni. Kila mlango una spika yake na kila spika inashindana na ya jirani. Akina mwalimu na mwenyekiti wamekufa bila kutozwa hata jogoo. Na mwana wa mtu anaweza kuungua nyuma ya nyumba hii hapa, sisi tunatafuna.

Sijui ni shetani gani alinisimamisha. Mwanamke mzima, nina wajukuu, mkoba begani. Nikaweka kiganja mdomoni nikapiga mwano. Nilidhani nimeusahau, kumbe koo halisahau. Niliupiga mrefu, kama ule wa adhuhuri ile.

Dereva hakuinua kichwa. Wanawake wawili wakatabasamu, na mmoja akanielekezea simu yake anipige picha. Kijana wa kaunta akanionyesha dole gumba, amefurahi kwamba hatimaye mama amechangamka.

Kisha yule mzee wa kiti cha plastiki akaanguka. Ndivyo nilivyodhani. Kumbe alikuwa anainuka kwa haraka kuliko miguu yake ilivyoweza. Kofia ikadondoka, fimbo akaikosa, akashika meza, akanijia mbiombio, akaniuliza neno pekee ambalo mtu anatakiwa kumuuliza aliyepiga mwano. Nililisoma kwenye midomo yake. "Wapi?"

Mkono wa kushoto alioshikia meza ulikuwa na vidole vitatu.

Kwa miaka yote hii nilikuwa nimemwandalia maneno. Nikiwa natwanga, nikiwa safarini, nikiwa kanisani Mungu anisamehe, nilikuwa nayapanga. Pale nikakuta yamebaki moja. "Umechelewa," nikamwambia. Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Umechelewa." Akatikisa kichwa, hasikii. Nikaliinua kwa nguvu zangu zote mara ya tatu, na muziki ukalimeza lote, hata mimi mwenyewe sikulisikia.

Akamgeukia kijana, akamfanyia ishara kwa mkono ule apunguze. Kijana akacheka, kwa adabu lakini. "Kaa, babu," nikaona midomo ikisema, naye akanyoosha mkono kwenye mtambo akaongeza. Mzee akasimama pale pale, mabega yakashuka, anatazama tu mbele. Msimamo ule naujua. Niliuona nikiwa na miaka kumi, hatujafika mti wa tatu. Nilikuwa nimengoja maisha yangu yote nimwone mtu huyu amesimama hivyo, na nilipomwona sikupata raha hata ya kujaza kijiko.

Gari likapiga honi. Nikaacha ugali, nikatoka. Tulipoanza kuondoka nikatazama nyuma. Alikuwa ametoka mpaka barazani, kati ya zile spika mbili, mkono wa vidole vitatu amekinga jua, anageuka huku na huku juu ya mapaa, anatafuta moshi.